Anwani Isiyohama: Hoja ya Kurudi Kwenye Blogu Binafsi

Fundi anayeijua cherehani anaandika maelezo haya kwenye mtandao wa kijamii: ukiona uzi umefanya vitanzi upande wa chini wa kitambaa, usikimbilie bobini. Karibu kila mara tatizo liko juu. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote, kisha uupitishe upya tangu kwenye kigurudumu chake. Mguu ukiwa juu, zile sahani mbili za kubana uzi huachana na uzi unaingia katikati yake. Mguu ukiwa chini, sahani zimefungana, uzi unapita pembeni na hakuna kinachoubana. Watu mia mbili wanabonyeza kupenda, kumi na wawili wanashukuru, na siku ya tatu andiko limeshazama. Miezi minane baadaye mtu anauliza swali lilelile. Fundi anakumbuka kwamba aliwahi kulijibu. Anaburuza skrini kwenda chini, anaburuza tena, anachoka, anaandika upya kwa haraka, na safari hii anasahau kutaja mguu.

Mijadala kuhusu mitandao ya kijamii huishia kwenye uraibu, hasira na muda unaopotea, na mambo hayo yana uzito wake. Lakini kwa mtu anayejua kitu na kutaka kukieleza, hasara iliyo kubwa kuliko zote ni hii ya fundi: anachokiandika hakirundikani. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba cha mitandao hakina kitako. Mtu anaweza kuandika kila siku kwa miaka saba na mwisho asiwe na ukurasa hata mmoja wa kumwonyesha mwanafunzi wake akamwambia, "Anzia hapa."

Ndiyo maana wengi wanarudi kwenye blogu, au wanatamani kurudi. Wanaposifu blogu husema ni ya polepole, ina utulivu, haina kelele. Sifa hizo ni za kweli, lakini zinaelezwa kana kwamba zinatokana na hulka ya mwandishi: kwamba akijizuia tu kidogo, akipumua, utulivu utakuja. Hauji hivyo. Utulivu wa blogu unatokana na vitu vinne vinavyojengwa: anwani ya kudumu, mpangilio wa tarehe usioguswa na mtu wa kati, mlisho unaompelekea msomaji maandiko mapya bila kumpeleleza, na uhuru wa kusahihisha kilichokwisha kuchapishwa. Kila kimoja kina namna yake ya kuharibika. Anayefungua blogu bila kuvishughulikia huwa amehamisha haraka zake tu kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na baada ya miezi mitatu blogu inanyamaza.

Inafaa kukumbuka vitu hivyo vilipoteaje. Neno "weblog" lilianza kutumiwa na mwanablogu Jorn Barger Desemba 1997. Mwaka 1999 mwanablogu mwingine, Peter Merholz, akalikata vipande viwili kwa mchezo, likasomeka "we blog", na "blog" ikabaki. Mwaka huohuo wa 1999 zilizaliwa huduma za blogu za LiveJournal na Blogger, na Mei 2003 ikaja programu ya blogu ya WordPress. Kanuni ya kurasa hizo ilikuwa nyepesi: jipya juu, la zamani chini, na kila andiko lina anwani yake. Septemba 2006 Facebook ikaanzisha News Feed, habari za watu wote uliowafahamu zikamiminwa kwenye safu moja. Kitufe cha kupenda kikafuata mwaka 2009. Mwaka 2016 Twitter na Instagram zote mbili zikaanza kupanga maandiko kwa hesabu za algoriti badala ya saa yalipoandikwa. Ndani ya miaka kumi, swali la msomaji lilikuwa limebadilika kutoka "Nani ameandika?" kuwa "Nimewekewa nini?"

Athari yake kwenye uandishi wenyewe ni ya kina kuliko inavyodhaniwa. Tazama tena maelezo ya fundi. Neno zito kuliko yote katika aya ile ni "karibu", pale anaposema "karibu kila mara tatizo liko juu". Ndani ya neno hilo mna miaka ya kufungua mashine za watu: anajua zipo chache ambazo tatizo lake liko kwingine, na anamwachia msomaji mlango wa kurudi. Mahali ambapo andiko linapimwa kwa kasi ya kujibiwa, neno hilo ndilo la kwanza kukatwa, kwa sababu linapunguza makali. Kinachobaki ni "tatizo liko juu, wacheni kuharibu bobini". Sentensi hiyo itasambaa zaidi. Itawaleta pia wale wenye mashine chache zisizofuata kanuni, nao watakuja kugombana, na ugomvi huo utahesabiwa kuwa mafanikio. Algoriti haimchukii fundi. Inahesabu tu kile inachoweza kukihesabu, na usahihi haumo.

Sasa upande wa pili, ambao mashabiki wa blogu hawapendi kuusema: blogu nazo hufa, tena kwa wingi. GeoCities, makazi ya kurasa binafsi, ilifungwa mwaka 2009 ikaondoka na kurasa za mamilioni ya watu. Posterous, iliyokuwa makazi ya blogu, ilizimwa Aprili 2013. Typepad, mojawapo ya nyumba kongwe za blogu, ilifunga milango mwisho wa Septemba 2025. Kituo cha utafiti cha Pew kilipokagua kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013, kilikuta miaka kumi baadaye asilimia 38 hazifunguki tena. Kwa hiyo kuandika kwenye kitu kinachoitwa blogu hakukulindi na chochote. Ukipanga nyumba ya mtu, siku akiibomoa unatoka na mikono mitupu, hata kama sebule yake ilikuwa tulivu.

Kinga iko kwenye jina la kikoa, yaani ile anwani unayoisajili kwa jina lako na kuilipia ada kila mwaka. Kampuni inayohifadhi kurasa zako inaweza kufa, kuuzwa au kubadilisha masharti. Kikoa kikiwa chako, unahamishia kurasa kwingine, unaelekeza jina kwenye seva mpya (kompyuta inayotoa kurasa kwa wasomaji), na msomaji anayebofya kiungo cha miaka sita iliyopita hagundui kitu. Wengi huiacha hatua hii "mpaka blogu ishike". Ni kosa. Kila kiungo kitakachowekwa kabla ya kikoa kitaelekea kwenye nyumba ya kupanga, na viungo hivyo viko kwenye kurasa za watu wengine, huwezi kuvirekebisha.

Kikoa nacho kina mitego yake. Ulio mkubwa ni wa barua pepe. Mtu anasajili kikoa, anajitengenezea anwani nzuri ya barua pepe kwenye kikoa hichohicho, kisha anaiandikisha kwa msajili, yaani kampuni iliyomuuzia jina la kikoa, kama anwani ya mawasiliano. Kadi ya benki inaisha muda, malipo ya kujirudia yanakwama, kikoa kinazimwa, na barua za onyo zinatumwa kwenye sanduku lililozimwa pamoja nacho. Tumia anwani ya kwingine kabisa. Kwa vikoa vya .com, baada ya muda wa neema ambao hutofautiana kwa kila msajili, huja siku 30 ambamo mwenye jina bado anaweza kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu jina linarudi sokoni, ambako wapo wanaovizia majina yenye viungo vingi. Unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Hata miaka mitatu inakupa nafasi ya kupumua. Jambo jingine: msajili wa jina na mhifadhi wa kurasa wasiwe kampuni moja, ikiwezekana. Mkigombana na mmoja, mwingine anabaki.

Suala la programu gani itumike huwala watu muda kuliko linavyostahili. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni huduma inayokufanyia kila kitu, mradi ikuruhusu kutumia kikoa chako na kutoa maandiko yako yote. Ya pili ni WordPress uliyoisimika mwenyewe kwenye seva ya kukodi: ina uwezo mkubwa, lakini ni bustani inayotaka palizi. Plagini (programu-nyongeza) moja isiyohuishwa kwa mwaka mzima ndiyo dirisha wanaloingilia wezi, na kila plagini unayoongeza ni ahadi ya matengenezo. Ya tatu ni tovuti tuli: unaandika faili za maandishi kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, programu inazigeuza kuwa kurasa za HTML, na seva inazigawa kama zilivyo. Haina hifadhidata ya kuvunjwa wala plagini za kuhuisha. Udhaifu wake uko kwenye kompyuta yako: ukibadilisha mashine baada ya miaka miwili, toleo jipya la programu linaweza kukataa kiolezo (sura ya kurasa) cha zamani, na siku uliyotaka kuandika inageuka siku ya ufundi. Ila hata likitokea hilo, faili zako za maandishi bado zinasomeka na binadamu bila programu yoyote. Kwa mtu asiyefurahia mambo ya kompyuta, njia ya kwanza inatosha kabisa. Anayefurahia aende ya tatu. Ya pili iwe ya mwenye sababu mahususi.

Ukichagua ile ya kwanza au ya pili, jaribu mlango wa kutokea kabla ya andiko la kumi. Bofya kutoa data, pakua faili, ifungue uone kilichomo. Hapa watu hushtuka: faili inayotolewa na WordPress ina maneno yote, lakini picha hazimo, mna anwani zake tu. Seva ya zamani ikizimwa kabla ya kuzihamisha, maneno yatabaki na mashimo. Kwa hiyo bekapu ya kweli ni vitu viwili, faili ya maandiko na folda ya picha, vyote vikae mahali pasipotegemea kampuni inayohifadhi blogu.

Tukishapata kikoa, kila andiko nalo linahitaji anwani inayojieleza na isiyogeuzwa. "/uzi-kufanya-vitanzi/" ni bora kuliko "/?p=482", na bora kuliko kichwa kizima cha maneno kumi na manne. Epuka kuweka kundi la mada ndani ya anwani, mathalani "/cherehani/matengenezo/uzi/", kwa sababu mwaka wa pili utapanga upya makundi na anwani zote zitavunjika kwa pamoja. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alilisisitiza hili mwaka 1998: anwani nzuri haibadiliki. Ikilazimu kubadilisha, weka uelekezaji wa kudumu wa 301 (agizo la seva linalompeleka msomaji moja kwa moja) kutoka ya zamani kwenda mpya, na uuache hapo siku zote. Kufuta uelekezaji baada ya mwaka kwa kudhani "watu wameshazoea" ni kosa la kawaida mno, viungo havizoei.

Picha nazo zipunguzwe. Kamera ya simu hutoa picha yenye upana wa pikseli 4000 au zaidi na uzito wa megabaiti kadhaa, wakati safu ya maandishi ya blogu kwa kawaida haizidi pikseli 700 au 800. Upana wa 1400 unatosha hata kwa skrini kali. Hifadhi JPEG kwa ubora wa 75 hadi 80 na picha nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 300. Futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha, maana picha ya meza yako ya kazi inaweza kuwa imebeba mahali hasa ilipo nyumba yako. Na andika maelezo ya picha kwa ajili ya anayesomewa na programu: "sahani mbili za kubana uzi zikiwa zimeachana, mguu umeinuliwa" ni maelezo, "picha ya cherehani" si chochote.

Sasa mlisho, ambao ndio moyo wa jambo hili. RSS, muundo unaotumiwa na milisho mingi, ilianza kwenye kampuni ya kivinjari ya Netscape Machi 1999. Toleo la 2.0 ni la mwaka 2002, na ndugu yake Atom akapitishwa rasmi mwaka 2005. Ni faili moja ya XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama zinazosomwa na programu, inayoorodhesha maandiko yako ya karibuni. Msomaji anaiweka anwani yake kwenye programu ya kusomea milisho. Programu inapita kila baada ya muda kuuliza kama kuna jipya, na likiwepo linaingia kwenye orodha, kwa tarehe. Basi. Hakuna anayejua msomaji amesoma nusu au yote, hakuna anayempangia. Ukiandika mara nne kwa mwaka, mara zote nne zitamfikia, na hilo ndilo linalomwondolea mwandishi hofu ya kusahaulika. Kwenye mtandao wa kijamii kimya cha wiki tatu kinaweza kukushusha machoni pa algoriti. Kwenye mlisho, kimya hakina gharama yoyote. Kwa maoni yetu, hapa ndipo polepole yenyewe inapotoka. Google Reader ilipozimwa tarehe 1 Julai 2013 wengi waliamini RSS imekufa nayo, lakini kilichozimwa ni programu moja ya kusomea. Milisho iliendelea kutoka, na inatoka hadi leo. Hata podikasti husafiri kwa RSS.

Mlisho ukiharibika huharibika kimyakimya, na mwandishi ndiye wa mwisho kujua. Makosa yanayorudi ni haya. Alama ya & ikiachwa wazi ndani ya kichwa cha habari, bila kugeuzwa kuwa &, inaweza kuifanya faili nzima ya XML isisomeke, na wasomaji wengi wakaacha kupokea siku hiyohiyo. Anwani za picha zikiandikwa kwa kifupi, bila jina la kikoa, picha huonekana kwenye blogu lakini hazionekani kwenye programu ya msomaji. Ukihamia programu nyingine ya blogu na vitambulisho vya maandiko vikabadilika, kila msomaji atamwagiwa maandiko yako ya zamani kana kwamba ni mapya, na wapo watakaojiondoa papo hapo. Dawa ni mwandishi kuufuatilia mlisho wake mwenyewe kama msomaji mwingine yeyote. Tena utoe andiko zima kwenye mlisho, usitoe aya moja ya kumvutia msomaji abofye. Aliyejiandikisha kwako hahitaji chambo. Mwisho, hakikisha kichwani mwa kila ukurasa kuna mstari wa "alternate" unaotaja mlisho uliko, ili msomaji akibandika anwani ya kawaida ya blogu, programu yake iugundue yenyewe.

Barua pepe inafanya kazi kama hiyo kwa wasiotumia programu za milisho. Ina usumbufu zaidi: uthibitisho wa mara mbili ili usije ukawaandikia watu wasioomba, rekodi za SPF na DKIM (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako) ili barua zisitupwe kwenye taka. Faida yake ni kwamba orodha ya anwani unaweza kuondoka nayo. Wafuasi huondoki nao.

Blogu nyingi haziuawi na ufundi. Zinauawa na miezi mitatu ya mwanzo, na mfuatano wake unafanana mno. Wiki tatu za kwanza mwandishi anachagua rangi na mwandiko. Kisha anachapisha andiko la kuwakaribisha wasomaji ambao bado hawapo, akiahidi kuandika kila Jumatatu. Jumatatu mbili zinapita vizuri. Anafunga programu ya takwimu, anaona wageni kumi na mmoja, saba kati yao ni roboti. Anakosa Jumatatu moja, aibu inamshika, na andiko linalofuata ni la kuomba radhi kwa ukimya. Baada ya lile la radhi huwa hakuna jingine.

Kila hatua hapo ina dawa. Kiolezo cha kawaida kinachosomeka vizuri kwenye simu kinatosha mwaka mzima. Andiko la kwanza liwe jibu la swali ambalo watu wameshakuuliza mara tatu. Lile la uzi wa cherehani lingefaa sana. Usitangaze ratiba. Weka yako ya siri, andiko moja kila wiki mbili, ambayo ni maandiko 26 kwa mwaka. Kwa wastani wa maneno 700 ni maneno 18,200, kijitabu kizima. Takwimu zizimwe kabisa katika miezi sita ya kwanza. Ushauri huu hupingwa kuliko mwingine wowote, na tunausimamia: namba ndogo hazina taarifa ndani yake, zina uchungu tu, na mwandishi anayezitazama kila siku ataanza kuandika kile kilichozipandisha jana. Ukinyamaza miezi miwili, rudi na jambo lenyewe bila radhi. Aliyekufuata kwa mlisho hakuwa akihesabu siku.

Uandishi wenyewe unahitaji nafasi kati ya kuandika na kuchapisha. Usiku mmoja ni kiwango cha chini, siku mbili ni bora. Siku ya kwanza andika yote bila kurudi nyuma. Ya pili usiguse. Ya tatu soma kwa sauti, maana sikio hukamata sentensi iliyovimba kabla ya jicho. Kagua kila namba, bofya kila kiungo, na kama ni maelekezo yafuate mwenyewe hatua kwa hatua mashine ikiwa mbele yako. Hapo ndipo "inua mguu" inaporudi mahali pake. Hasira nyingi hazivuki siku hizo mbili. Andiko lililovuka huwa fupi kidogo kuliko lilivyozaliwa, na limejaa "karibu", "isipokuwa" na "kama".

Pingamizi la kweli dhidi ya haya yote ni wasomaji. Ni wachache, tena kwa muda mrefu. Tusimdanganye mtu: aliyezoea mamia ya majibu atasikia upweke. Injini za kutafutia huchukua miezi kuiamini tovuti mpya, na siku hizi nyingi hujibu swali palepale juu ya ukurasa wa matokeo, mtu asifike kwako kabisa. Wanaotegemea kipato cha kila siku kutoka kwa wateja wa mitandaoni wasihame kwa pupa. Na yapo mambo ambayo mitandao inayafanya vizuri kuliko blogu: tahadhari ya mafuriko, mtoto aliyepotea, kukusanya watu kesho asubuhi. Mambo ya dharura yapelekwe kwenye kasi.

Kwa mengine, utaratibu unaofaa ni kuchapisha kwako kwanza, kisha kupeleka kionjo na kiungo kwenye mitandao. Kionjo kiwe na faida kamili peke yake, maana wengi hawatabofya, na mtandao kama Instagram kwa kawaida haufanyi kiungo kilichomo kwenye maelezo ya picha kibofyeke. Majadiliano yakianza huko, jambo la maana lililosemwa liingizwe kwenye andiko la nyumbani. Njia ya zamani ya kufahamiana bado inafanya kazi: ukurasa wa blogu unazozisoma, kila moja na sentensi moja ya kwa nini, na barua fupi kwa mwandishi uliyemnukuu. Wasomaji 40 waliofika kwa njia hiyo wataandika barua ambazo wafuasi 4,000 hawaandiki. Maoni chini ya andiko tungeyafunga mwanzoni, tukaweka anwani ya barua pepe; kisanduku cha maoni kisichosimamiwa hujaa matangazo ya roboti ndani ya wiki chache, na barua pepe humlazimu mtu kuandika walau salamu.

Kuhusu roboti zinazokusanya maandiko kwa ajili ya mifumo ya akili mnemba, faili ya robots.txt, inayoziambia roboti zisipite wapi, ni ombi na wala si kufuli. Zinazoheshimu zitaheshimu. Anayetaka kufuli ya kweli ataizuia kwenye seva, na aelewe kwamba akizidisha atawazuia wasomaji pia.

Mara moja kwa mwaka tenga siku ya usafi. Pitisha programu ya kukagua viungo vilivyovunjika. Palipokufa kabisa, elekeza kwenye nakala ya Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti, kama ipo. Peleka huko kurasa zako muhimu pia. Pakua bekapu na uifungue kweli, usiridhike na kuona jina la faili. Kagua tarehe ya kikoa na kadi inayokilipia. Cheti cha usalama, ambacho tangu mwishoni mwa 2015 kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, hujihuisha chenyewe kwa kawaida, lakini kikishindwa msomaji hukutana na ukurasa wa onyo jekundu na kugeuka, kwa hiyo kijaribu kwa kivinjari usichokitumia. Halafu andika kwenye karatasi jina la msajili, jina la akaunti na mahali nenosiri lilipo, umkabidhi mtu wa karibu. Blogu ya marehemu huishi mpaka ada ya mwaka inapokoma, isipokuwa yupo anayejua pa kuilipia.

Tuseme fundi wetu alifanya haya, na andiko la uzi lina miaka minne. Inaingia barua pepe kutoka kwa msomaji: amepitisha uzi upya mara tatu, mguu ukiwa juu kila mara, na vitanzi viko palepale. Fundi anamjibu apitishe kipande cha kitambaa chembamba katikati ya zile sahani mbili, huku na huku. Kesho yake jibu linakuja: limetoka bonge la manyoya ya nyuzi lililokuwa limezuia sahani zisibane, na mshono sasa ni safi. Fundi anafungua faili, baada ya sentensi ya mguu anaongeza mbili kuhusu manyoya na kitambaa, chini kabisa anaandika "Imeongezwa" na tarehe, anachapisha. Anwani ni ileile. Kila aliyewahi kuweka kiungo cha andiko hilo, popote alipo, tangu asubuhi hiyo anaelekeza watu kwenye maelezo yaliyokamilika zaidi, bila yeye mwenyewe kugusa kitu.